Rudia-Nione na Upande wa Nyuma wa Fomu

Baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne ya utumishi, fundi mkuu wa kompyuta wa ofisi yetu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Saa kumi jioni atakabidhi funguo za chumba cha sava (kompyuta kuu ya ofisi), sweta zito analovaa akiwa humo kwa sababu ya baridi, na daftari lenye jalada la kijani ambalo ndani yake kuna kila hitilafu aliyowahi kuishughulikia, pamoja na zile zilizomshinda. Kikombe chake cha bati ataondoka nacho. Hakuna mwingine aliyewahi kuthubutu kukinywea.

Kwa wageni waliofika leo kumsindikiza, ofisi hii kazi yake ni kutafuta jamaa waliopoteana. Mtu anakuja na jina, pengine na picha, pengine na jina la kijiji ambacho hakipo tena. Sisi tunaandika, tunatuma, tunangoja. Majibu yakija tunayathibitisha, tunayafasiri, kisha tunamwita aliyeuliza. Kati ya kuandika na kumwita inaweza kupita miaka.

Wengi hawajui kwamba fundi wetu hakuanza na kompyuta. Alianza akiwa karani wa uandikishaji, kijana mwembamba mwenye penseli nyekundu nyuma ya sikio. Fomu ya familia ya wakati ule ilikuwa na mistari kumi na miwili. Familia ikiwa na watu kumi na wanne, makarani wengi waliandika kumi na wawili na kumwita anayefuata. Yeye aliigeuza fomu, akaendelea upande wa nyuma, na chini kabisa mbele akaandika kwa ile penseli nyekundu: TAZAMA NYUMA. Msimamizi wake alimkaripia kwa sababu mashine ya kunakili ilikuwa inanakili upande mmoja tu. Alijibu kwamba atanakili mara mbili, na kweli alifanya hivyo kwa miaka sita, akisimama kwenye mashine ile baada ya wenzake kwenda kula. Mwandishi wa maneno haya anaikumbuka vizuri foleni ya waliokuwa wakingoja kuandikwa, na penseli ile pia.

Kadi za majina ya wanaotafutwa zilipoanza kuingizwa kwenye kompyuta, alipelekwa mafunzoni miezi tisa. Aliporudi alipewa chumba cha chini, mashine mbili na kadi laki moja na arobaini elfu. Msimu mmoja wa mvua paa lilivuja, na mkurugenzi wa wakati ule alipoteremka kutazama alikuta sava imekaa kavu chini ya mwavuli, na fundi amesimama pembeni ameloa mpaka soksi. Mkurugenzi alimuuliza kwa nini hajifuniki. Akajibu, "Mimi nitakauka."

Alikuwa mtu wa kuamini maandishi. Ukimweleza kwamba kitu hakifanyi kazi, alifungua orodha yake kwanza. Orodha ikisema kinafanya kazi, basi kinafanya kazi, na tatizo ni wewe. Kwa ajili hiyo tulimbandika jina la Bwana Orodha. Hakulichukia. Nadhani alilionea fahari kidogo.

Jina hilo alilivua miaka tisa iliyopita, na ameomba yeye mwenyewe kwamba habari hiyo ielezwe leo kama ilivyokuwa, bila kupakwa rangi.

Wakati huo faili zetu zote zilikuwa zimeshahamia kwenye sava ya chumba cha chini. Kila mmoja wetu alizifungua mezani kwake kupitia mtandao, kana kwamba ziko ndani ya mashine yake. Kila folda ilikuwa ya kundi fulani la watumishi: kundi la uandikishaji, kundi la picha, kundi la majibu yaliyothibitishwa, na kadhalika. Ukiwa kwenye kundi, folda inafunguka. Usipokuwemo, kioo kinakuandikia kwamba huna ruhusa. Na tulikuwa na dawa moja kwa kila aliyelalamika kwamba folda haifunguki. Tulisema, "Muweke kwenye kundi." Maneno hayo yalisemwa mara nyingi zaidi kuliko maneno ya kusalimiana.

Mfasiri wetu, dada anayejua lugha saba na anayecheka kwa lugha zote saba, alikuwa kwenye makundi mengi kuliko mtu yeyote. Kila idara ilimhitaji, na kila idara ilipomhitaji ilimuweka kwenye kundi lake. Jumatatu moja lilikuja jibu lililomhusu mama mmoja mshonaji, aliyekuwa anamtafuta mdogo wake wa kiume kwa miaka ishirini na sita. Lilikuwa barua ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa mkono na kupigwa picha. Hapa ofisini lugha ile ilijulikana na mfasiri peke yake. Majina yaliyosomeka yalilingana na ya fomu ya mshonaji, kwa hiyo barua iliwekwa kwenye folda ya majibu yaliyothibitishwa, na jina la mfasiri lilikuwa kwenye kundi la folda hiyo tangu mwaka uliotangulia.

Aliibofya. Kioo kikamwambia hana ruhusa.

Hakuna aliyejua, wala hakuna aliyeweza kujua, kwamba mwishoni mwa ukurasa wa pili kulikuwa na tarehe. Yule ndugu alikuwa ameandika kwamba wao na wenzao wangehama mahali walipokuwa tarehe hiyo, ambayo kwa hesabu yetu ilikuwa siku ya ishirini na moja tangu barua ilipotufikia, na kwamba hakujua wangepelekwa wapi. Kama dada yake yuko hai, ajibu kabla ya hapo. Mama yao naye alikuwa pamoja naye, na alikuwa hai.

Siku ya tatu mfasiri aliteremka chumba cha chini. Fundi alifungua orodha, akampitishia kidole kwenye jina lake. "Ruhusa unayo, dada yangu. Hii hapa."

"Basi uiambie folda," alisema mfasiri, "maana mimi hainisikii."

Fundi aliingia kwenye sava yenyewe kwa jina la mfasiri, akaifungua folda bila shida, akatoka. Kwake hilo lilimaliza mjadala. Aliandika kipande cha karatasi kwenda kwa mkuu wa idara: mhusika ana ruhusa kamili, mfumo hauna hitilafu. Alitia sahihi.

Karatasi ile ndiyo iliyoharibu mambo. Mkuu wa idara, mama mkali lakini mwenye haki, alikuwa anaweza kuifungua barua mezani kwake. Lakini tuna kanuni iliyotokana na kosa la zamani lililomgharimu mtu, kwamba kila jibu lisomwe na mtumishi kwa jina lake mwenyewe, juu ya meza yake mwenyewe, ili ijulikane nani amesoma nini. Hakuna kuchungulia kwenye kioo cha mwenzako, hakuna kuchapa kabla ya kufasiri. Na sasa ana karatasi yenye sahihi inayosema kwamba mfasiri anaweza kusoma. Akaona mtu anakwepa kazi. Siku ya tisa mfasiri alipewa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka kumi na minane ya kazi yake, na nakala ikaingia kwenye jalada lake. Aliambiwa kwamba ikija ya pili, mkataba wake hautaongezwa mwisho wa mwaka. Alikuwa analea wajukuu watatu peke yake.

Sikumwona akilia. Nilimwona akifuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

Siku ya kumi na saba alimtuma mhudumu wa ofisi na kikaratasi kwenda chini. Kilikuwa na maneno mawili: "Bado, kaka." Fundi, kwa kutaka amani, akatumia dawa yetu ya siku zote. Alimuweka kwenye makundi mengine matatu, ya zamani, yaliyowahi kumiliki folda ileile siku za nyuma. Moja lisipofungua, alifikiri, la pili litafungua.

Kesho yake asubuhi mfasiri aliteremka mwenyewe. Folda ya istilahi, ambayo alikuwa ameitumia kila siku kwa miaka miwili na ambayo jana yake ilifunguka, sasa nayo ilikuwa imefungwa.

"Kaka, nakuomba," alisema, na safari hii hakucheka. "Acha kunisaidia. Ukiendelea hivi, mpaka Ijumaa nitakuwa sina ruhusa ya kukalia kiti."

Fundi alitaka kufungua orodha. Mkono wake ulikuwa umeshafika. Kisha akaurudisha. Amenisimulia mara nyingi. Anasema hakuwa amesikia kitu kipya chochote siku ile, isipokuwa hilo moja, kwamba amemuongezea ruhusa na zimepungua. Akavua sweta, akapanda ghorofa tatu, akakaa kwenye kiti cha mfasiri, mbele ya mashine ya mfasiri. Akamwambia, "Rudia nione."

Mfasiri akainama begani kwake, akabofya. Huna ruhusa. "Rudia nione." Huna ruhusa. Siku nzima, na siku iliyofuata. Folda hii inafunguka, hii haifunguki, hii inafunguka. Alichora mstari katikati ya ukurasa wa lile daftari la kijani, akaandika makundi ya folda zinazofunguka upande mmoja na ya zisizofunguka upande wa pili, kila kundi na namba yake, kwa kuwa kompyuta haiyajui makundi kwa majina. Siku ya ishirini, Jumamosi, akiwa nyumbani mezani kwake baada ya chakula cha mchana, alizihesabu. Mfasiri alikuwa kwenye makundi ishirini na moja. Yaliyokuwa yanafanya kazi ni kumi na sita yenye namba ndogo. Matano yenye namba kubwa yalikuwa kama hayapo. Na yale matatu aliyomuongezea, kwa kuwa yalikuwa ya zamani, namba zake zilikuwa ndogo. Folda ya majibu haikuwa yao tena, hivyo hayakuifungua; yaliingia mbele tu yakasukuma mengine matatu nje.

Mke wake anasema aliinuka, akaenda kabatini, akatoa fomu moja ya zamani ya uandikishaji aliyokuwa ameiweka kama kumbukumbu. Akaigeuza.

Nieleze kwa wasio mafundi, kama alivyonieleza mimi. Mashine ya mezani inapoomba faili kwa sava, haiendi mikono mitupu. Inabeba kijikaratasi cha utambulisho: huyu ni nani, na yumo kwenye makundi gani. Kijikaratasi hicho kina nafasi ya makundi kumi na sita. Hakina upande wa nyuma. Mtu akiwa na makundi zaidi, yanayozidi hayaandikwi, na hakuna anayeambiwa, si yeye wala sava wala fundi. Ndiyo maana fundi alipoingia kwenye sava yenyewe folda ilifunguka. Mle ndani orodha ilikuwa kamili. Ilikatika njiani. Waliobuni utaratibu huo zamani hawakuwa na nia mbaya. Waliona kumi na sita yanamtosha mtu yeyote. Sisi tuliohamahama tungeweza kuwaambia.

Jumatatu asubuhi, siku ya ishirini na mbili, aliiagiza sava iache kukiamini kijikaratasi. Kila anapokuja mtu, isome jina lake tu, kisha itafute makundi yake yenyewe kwenye daftari lake la ndani, yote, hata yawe mia. Saa nne na dakika kumi akamwambia mfasiri, "Rudia nione." Huna ruhusa. Waliokuwa wamekusanyika mlangoni wakaguna. Fundi alikaribia kuurudisha mpangilio wa zamani, kisha akakumbuka kwamba sava huyakumbuka majibu yake ya awali kwa nusu saa kabla ya kuuliza upya. Akatuomba tungoje. Wote wawili walikaa, yeye kwenye kiti, mfasiri juu ya pipa la karatasi alilolipindua. Saa nne na dakika arobaini na mbili ilifunguka.

Mfasiri alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, akifasiri huku anatabasamu. Alipofika mwisho wa ukurasa wa pili aliacha kusoma. Akatazama kalenda ya ukutani. Kisha akatuambia tarehe.

Ilikuwa jana yake.

Tulijibu saa hiyohiyo, na jibu halikumkuta mtu. Ilichukua miezi kumi na minne kumpata tena yule ndugu. Alipatikana. Mama yao alikuwa amefariki katika mwezi wa kumi wa kutafuta huko.

Hapa wangeweza kusimama wengi, na kusema kwamba kosa lilikuwa la mtambo. Fundi wetu alifanya mambo mawili. Jambo la kwanza, siku ileile ya Jumatatu alimwandikia mkuu wa idara kwamba karatasi yake ya awali haikuwa kweli, kwamba mfasiri alisema ukweli kuanzia siku ya tatu, na kwamba onyo liondolewe kwenye jalada. Akabandika nakala kwenye ubao wa matangazo, mahali pale tunapobandika ratiba ya likizo, ikakaa mwezi mzima. Onyo liliondolewa. Mkuu wa idara alimwomba radhi mfasiri mbele yetu sote kwenye chumba cha chai, naye mfasiri alimjibu kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa, kisha akakataa kuifasiri.

Jambo la pili, habari za kifo cha mama zilipofika, alikwenda kwa yule mshonaji. Hakutumwa. Nilifuatana naye kwa sababu aliniomba. Kilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, vipande vya chaki kwenye sahani, na magauni ya sare za shule yakining'inia bila mikono. Fundi alisimama, akaeleza yote, kijikaratasi, nafasi kumi na sita, sahihi yake. Akasema, "Siku ya tatu niliambiwa. Sikuinuka kwenda kuona mpaka siku ya kumi na nane. Ni mimi, mama."

Mama yule aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno. "Nimekuja ofisini kwenu miaka mingi," alisema. "Kila mtu ananipa pole. Wewe ndiye wa kwanza kunipa sababu." Akamsogezea kigoda. "Kaa, baba. Umesimama sana."

Tangu hapo hatukumwita tena Bwana Orodha. Tunamwita Rudia-Nione, na jina hilo wanalitumia hata watoto wa watumishi.

Alipochunguza baadaye aligundua kwamba waliozidi makundi kumi na sita walikuwa wanne katika ofisi nzima: mfasiri, mtunza picha, dereva anayejua kusoma ramani za zamani, na mzee wa dawati la barua. Wote ni wale wasiojua kusema hapana wanapoombwa msaada. Kwa wanne hao folda zilikuwa zikifungika na kufunguka kwa miaka, nao walidhani ni uzee wa macho yao.

Ameacha mengi. Ameacha sava tatu mahali pa moja, nakala za kadi zote katika majengo mawili, na mafundi wanne aliowafunza. Mrithi wake, dada mtulivu anayemshinda kwa kila kitu ila ukaidi, ananiambia kwamba siku ya kwanza ya makabidhiano hakuonyeshwa mitambo. Alipandishwa ghorofa ya tatu, akakalishwa kwenye kiti cha mfasiri, akaambiwa afanye kazi pale wiki nzima. Sasa ni kanuni ya kitengo chao. Anayelalamika hafunguliwi orodha kwanza, anafuatwa kwenye kiti chake.

Kuhusu atakavyoishi sasa, ameniambia atatengeneza redio na atalala mchana. Mke wake, mwalimu wa hesabu, ana mipango tofauti. Anasema nyumbani kwao kuna makundi mawili tu, la wanaopika na la wanaoosha vyombo, na mume wake ana ruhusa kamili kwenye yote mawili. Binti zao wamethibitisha.

Mama mshonaji yupo ukumbini leo, safu ya tatu, pamoja na mdogo wake. Wameomba wasiitwe mbele, nasi tunawaheshimu.

Ndugu yetu Rudia-Nione, ofisi hii inakushukuru. Inakushukuru kwa kadi laki moja na arobaini elfu, kwa mwavuli, na zaidi kwa ile karatasi uliyoibandika kwenye ubao. Afya njema iwe nawe, usingizi wako wa mchana usikatizwe na simu zetu, na nyumba yako isikose wa kukugongea hodi.

Ukurasa huu umejaa, na wapo wengi ambao sikuwataja: uliowaandika nyuma ya fomu wakapatikana kwa sababu hiyo, na baadhi yetu tulioandikwa huko nyuma, tukaja kufanya kazi nawe bila kukuambia. Ndiyo maana upande wa pili wa karatasi hii tumeuacha mtupu. Penseli nyekundu ziko kwenye kila meza. Wageni wetu, geuzeni karatasi, mwandike majina yenu, yote, hata yakibanana. Mwisho wa sherehe tutazikusanya tumkabidhi aende nazo nyumbani.

TAZAMA NYUMA.